Nani Anamhesabu Nani?

(Mada iliyotolewa kwa waumini wa Kihurio, wilayani Same, baada ya swala ya Alasiri. Tumeichapa kwa maombi ya waliohudhuria.)



Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, Aliyeiweka mizani na Akakataza isipunjwe. Rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake. Ama baad.

Wazee wangu, ndugu zangu, na mama zetu mlio nyuma ya pazia. Mada niliyopewa ni uhusiano wa mtawala na raia. Ni mada ambayo msemaji anaweza kuikimbia kwa njia mbili. Anaweza kuwasimulia watu habari za makhalifa wema saa nzima, watu wakatokwa na machozi, kisha wakarudi majumbani bila kujua zinawahusu nini. Au anaweza kuwatukana wakubwa, watu wakachangamka, naye akaondoka na sifa ya ushujaa ambayo hakuichuma. Mimi nitaanza na vidole vya mzee mmoja.

Mnakumbuka mwishoni mwa mwaka 2019 tulipoamriwa kusajili upya laini zote za simu kwa alama za vidole, na ikatangazwa kwamba baada ya tarehe 20 Januari 2020 laini isiyosajiliwa itazimwa. Mzee mmoja wa jamaa yetu aliniomba nimsindikize. Foleni ilikuwa ndefu. Zamu yake ilipofika akaweka kidole gumba juu ya kile kioo kidogo, mashine ikakataa. Akakifuta kwa kanzu, ikakataa. Akajaribu vidole vyote kumi. Kijana wa usajili, wala hakuwa na ufidhuli, akamwambia: "Mzee, wewe huna alama." Jembe na kamba ya ng'ombe kwa miaka sitini vilikuwa vimezifuta. Tulipokuwa njiani kurudi alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza: "Mwalimu, hawa wanataka kujua mimi ni nani. Sasa mimi nikitaka kujua wao ni nani, na wanafanya nini na mali yetu, nikaweke kidole wapi?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimekaa miaka mingi nikisoma kwa Kiarabu vitabu vya wanavyuoni juu ya hukumu za utawala, na swali la mzee asiyejua kuandika jina lake lilinishinda barabarani. Maneno ya leo ni jaribio la kulijibu.

Nataka muone mahali uzito wa swali lile ulipo. Mzee hakulalamika kwamba serikali inahesabu watu. Kuhesabu raia si dhulma. Sayyidna Umar bin Khattab (R.A.) ndiye aliyeanzisha diwani, yaani daftari la majina ya watu, na alilianzisha ili kila mwenye haki katika Baitul Mali apate fungu lake. Mtawala asiyejua ana raia wangapi hawezi kujenga zahanati wala kuleta dawa. Mzee alilalamikia kwamba hesabu inakwenda upande mmoja. Zamani hata sultani dhalimu hakujua mkulima wa mlimani alikula nini jana. Leo serikali, popote duniani, yaweza kujua umempigia nani simu, umetuma fedha kiasi gani, na umelala mji gani. Na raia? Raia hajui hata barabara ya kijijini kwake ilitengewa kiasi gani. Siku zinavyokwenda yule anazidi kuona, na huyu anazidi kuwa kipofu. Mimi naona hapo ndipo nguvu za wawili hawa zilipoachana, kuliko hata katika bunduki, maana bunduki ilikuwapo tangu enzi za Mjerumani.

Lugha yenyewe ina ushahidi. Neno letu "raia" limetoka katika Kiarabu, na asili yake ni kundi linalochungwa. Wakubwa wengi huipenda hadithi ile mashuhuri isemayo kwamba kila mmoja wetu ni mchunga, kwa sababu wanaisikia fimbo ya mchunga. Lakini uzito wa hadithi ile uko mwishoni mwake, pale mchunga anapoambiwa kwamba ataulizwa juu ya kundi lake. Na Waarabu mpaka leo afisa wa serikali humwita "mas-uul", maana yake mtu anayeulizwa. Sisi tunamwita mheshimiwa. Tazameni tofauti: jina moja linamweka mtu mbele ya swali, na jingine linamweka juu yake.

Sasa tuna darsa kubwa hapa hapa Upare, ambalo halihitaji mtu apande ndege. Wazee waliwasikia wazazi wao wakiitaja mbiru. Vijana, nadhani wengi wenu hamuijui, na kosa ni letu sisi walimu. Katika miaka ya vita kuu ya pili, serikali ya kikoloni ya Waingereza pamoja na machifu wa Upare walileta kodi mpya. Kodi ya kichwa iliyotangulia ilikuwa sawa kwa kila mwanamume. Hii mpya ilitaka kila mtu akadiriwe kwa mali yake, nayo ikapewa jina la mbiru, jina la ushuru wa kale ambao watu walimpelekea mtawala wao. Watu wakakataa. Januari 1945 maelfu ya wanaume waliteremka milimani wakaenda Same, makao makuu ya wilaya, wakakaa. Walikwenda kukaa, si kupigana. Wakaambiwa warudi makwao, wakakaa. Siku zikapita, wiki zikapita, mashamba yakabaki mikononi mwa wake zao. Mwaka 1946 akina mama wa Usangi nao wakajitokeza mbele ya maofisa kudai jambo lile liishe ili waume zao warudi na nyumba zitengemae. Kufikia mwaka 1947 kodi ile ikawa imeachwa. Mwanahistoria wetu Isaria Kimambo aliandika kijitabu juu ya habari hizi, kilichotoka mwaka 1971. Mwenye kukipata na akisome.

Mwanafunzi wa fiqhi akiisikia habari hii hushangaa kidogo, nami nilishangaa. Kodi inayofuata mali ya mtu si ndiyo ya haki zaidi? Tajiri alipe zaidi, fukara alipe kidogo. Hata zaka inafuata mali. Kwa nini wazee wetu waliikataa mbiru ilhali Waislamu miongoni mwao walitoa zaka kwa mikono yao?

Itazameni zaka inavyokwenda. Mwenye mbuzi arobaini anajua anadaiwa mmoja, mpaka afikishe mia na ishirini. Akizidisha mmoja juu ya hao, wawili. Mwenye ng'ombe thelathini anajua anadaiwa ndama wa mwaka mmoja. Mazao ya mvua na chemchemi, sehemu ya kumi. Ya kuteka kwa mashaka, nusu yake. Mtoto wa madrasa anajua haya. Mkusanyaji akifika hana la kubuni, na akidai zaidi utamwambia "hapana" ukiwa umesimama juu ya elimu. Na wanaostahiki kupewa nao wametajwa, makundi manane, kwa hiyo unajua pia inakwenda wapi. Mbiru haikuwa hivyo. Mtu alikadiriwa, akaambiwa daraja lake, na kipimo kikabaki kwa waliomkadiria. Walichokikataa wazee wetu hasa ni kule kukadiriwa: kupimwa kwa pishi ambayo hawakuiona. Nadhani walielewa jambo ambalo sisi tuliosoma tumelisahau, kwamba mtu akikupima kwa kipimo anachokijua yeye peke yake, basi hata akikupimia kwa haki bado umekuwa mtumwa wa hisani yake.

Wao walimjua wa kumwendea. Ofisi ilikuwa Same, afisa alikuwa na uso, na nyasi za kukalia mbele yake zilikuwapo. Linganisheni na tozo ya miamala ya simu iliyoanza tarehe 15 Julai 2021. Ilikatwa kwa kila anayetuma na anayetoa fedha, kuanzia shilingi 10 mpaka shilingi 10,000 kwa muamala mmoja. Mama wa hapa aliyetumiwa fedha na mwanawe aliyeko Dar es Salaam aliona tu kwamba kilichofika ni pungufu. Hakuona karani wala askari, na hakuwapo wa kukaa mbele yake. Ni kweli, na haki isemwe: watu walipiga kelele, na Septemba mwaka huo huo tozo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye ikapunguzwa tena. Basi sauti bado ina kazi. Lakini iliposikika watu walikuwa wameshakatwa, na wangapi kati yetu wanaweza kusema leo fedha ile ilijenga nini katika kata hii?

Fedha ni jambo dogo, hutoka na kurudi. Ardhi na maji ni jambo kubwa.

Ninyi nyote mnajua ndiva, yale malambo ambayo mababu zetu waliyachimba milimani ili maji ya usiku yajae na asubuhi yafunguliwe yateremke mferejini. Katika ndiva kulikuwa na mwenye madaraka, wala haikuwa kila mtu na ubabe wake. Lakini zamu ilijulikana. Mwenye shamba la chini alijua siku yake, na akipunjwa alijua mlango wa kubisha hodi. Mwaka 1974 sheria ya nchi ikasema kwamba maji yote ni mali ya Jamhuri. Mwaka 1991 ikaundwa Bodi ya Maji ya Bonde la Pangani, na sheria ya sasa, ya mwaka 2009, inataka kibali cha kutumia maji ya mto. Sitaki kuwa mwongo: serikali ina hoja. Maji yanayoteremka kwetu huishia mto Pangani, na huko chini kuna mitambo ya umeme ya Hale na Pangani, na kuna watu wenye kiu kama sisi. Mgawanyaji anahitajika. Hoja yangu ni kwamba mgawanyaji amehamia mbali, na mkulima aliyerithi mfereji kwa babu yake akajikuta mwombaji wa kibali, kwa fomu ambayo hajui kuijaza.

Ardhi vivyo hivyo. Waingereza kwa sheria yao ya mwaka 1923 waliiweka ardhi yote ya Tanganyika chini ya Gavana. Gavana akaondoka, na kiti hakikuondoka. Sheria za Ardhi za mwaka 1999, Namba 4 na Namba 5, zinasema kwamba ardhi yote ni ya umma na iko chini ya Rais kama mdhamini kwa niaba ya wananchi. Mdhamini ni neno zuri, na sheria zile zimeipa hati ya kimila heshima ambayo mkoloni hakuipa. Katika fiqhi yetu mdhamini wa mali ya yatima hutakiwa kuleta hesabu yatima anapobaleghe. Swali ni lini raia wa nchi hii anahesabiwa kuwa amebaleghe.

Tokeni nje mtazame mashariki. Ile nyika mnayoiona ni Mkomazi. Ilitangazwa kuwa pori la akiba mwaka 1951, na baadhi ya wafugaji wakaruhusiwa kubaki na mifugo yao. Kisha wakaja wengine, Wapare, Wamaasai, Wasambaa, Wakamba, kila mmoja na sababu yake, na ng'ombe wakazidi. Mwaka 1988 ikawa amri kwamba wote watoke. Baadhi yenu mlio humu msikitini mlitoka, au baba zenu walitoka, na mnajua ng'ombe waliishia wapi. Wafugaji 53 wakaenda Mahakama Kuu, Moshi, na shauri likafika Mahakama ya Rufani mwaka 1999. Hawakurudishiwa ardhi. Katika hoja za hukumu ile imo hii, kwamba Wamaasai hawakuwa kabila la kwanza kufika Mkomazi. Mimi si mwanasheria na siwezi kuirudia kazi ya majaji. Nauliza tu kama mtu wa kawaida: ikiwa kufika wa kwanza ndiyo haki, je, pori la akiba lenyewe lilifika lini? Tangu mwaka 2008 Mkomazi ni Hifadhi ya Taifa, faru wanatunzwa humo, na wageni wanakuja kuwaona. Wanyama ni viumbe wa Mwenyezi Mungu na kuwahifadhi ni jambo jema. Sisemi wauawe.

Lakini sikilizeni maneno yanayotumika. Tembo akivuka mpaka, akala mahindi ya mtu mpaka akabaki hana kitu, kuna kanuni za mwaka 2011 zinazosema mtu huyo atapewa kiasi fulani. Na kiasi hicho hakiitwi fidia. Kinaitwa kifuta jasho, na akifa mtu kinaitwa kifuta machozi. Ng'ombe wa mtu huyo huyo akivuka mpaka kuingia hifadhini, anacholipa hakiitwi kifuta machozi cha serikali. Kinaitwa faini. Mpaka ni mmoja na mnyama amevuka kutafuta majani, ila huku jina ni rehema na kule jina ni kosa. Fidia ni haki, unaweza kuidai ukiwa umesimama. Kifuta jasho ni sadaka, unakipokea umeinama. Yeyote aliyechagua maneno hayo alikijua Kiswahili vizuri sana.

Na tuseme la lugha, maana linanigusa mwenyewe. Niliporudi kutoka masomoni, jirani mmoja aliniletea karatasi iliyotoka ofisi fulani juu ya shamba lake. "Mwalimu, wewe umesoma, nisomee." Ilikuwa kwa Kiingereza cha kisheria. Nilijua maana ya maneno mojamoja, lakini sikuweza kumwambia kwa yakini kama ameshinda au ameshindwa. Mtu mwenye shahada ya sharia na mtu asiyesoma tulikaa kwenye mkeka mmoja, wote wawili mabubu. Hukumu ile ya Mkomazi nayo imeandikwa kwa Kiingereza, ilhali walioshtaki walizungumza Kimaasai, na Kiswahili cha sokoni. Ndipo mwaka 2021, miaka sitini baada ya uhuru, sheria ikabadilishwa Kiswahili kiwe lugha ya mahakama. Tunashukuru kwa hilo, lakini miaka sitini ni umri wa mtu mzima.

Wanavyuoni wetu walilijua tatizo hili la raia anayemdai mkubwa. Al-Mawardi, katika kitabu chake cha hukumu za utawala, ameweka mlango mzima juu ya madhalim, yaani baraza la kusikiliza malalamiko dhidi ya watawala na maofisa wao. Anaeleza kwamba anayelisimamia lazima awe na haiba na nguvu kuliko kadhi wa kawaida, kwa sababu kadhi huamua baina ya watu wawili wanaolingana, na huyu anaamua baina ya mdhaifu na mwenye dola. Tafakarini maneno hayo. Mzani wa kawaida hautoshi mahali ambapo upande mmoja una uzito wa nchi nzima.

Tanzania nayo ilikuwa na wazo hilo mapema. Katikati ya miaka ya 1960 Mwalimu Nyerere aliunda Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, ikawa miongoni mwa tume za mwanzo za aina yake Afrika, na mwaka 2001 nafasi yake ikachukuliwa na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora. Mwaka huo huo wa 2001 wanakijiji wa Nyamuma, wilayani Serengeti, waliondolewa na nyumba zao zikachomwa moto. Wakapeleka malalamiko kwenye Tume. Tume ikasikiliza, ikaona kwamba wamedhulumiwa, ikapendekeza walipwe. Serikali ikayakataa mapendekezo hayo, na ikabidi watu waanze safari nyingine ya mahakamani. Hapo ndipo sharti la Al-Mawardi linapoeleweka. Baraza lilikuwapo, na elimu lilikuwa nayo. Lililokosekana ni ile nguvu.

Najua kuna anayesema moyoni: Mwalimu, unatuchochea. Hapana. Uasi na umwagaji damu sisi tunauharamisha, na tunajua nani hufa kwanza ghasia zinapoanza. Lakini kutii na kunyamaza ni mambo mawili. Sayyidna Abubakar (R.A.), siku ya kwanza ya ukhalifa wake, aliwataka watu wamsaidie akienda sawa na wamnyooshe akienda kombo. Hakuiita hiyo fitna. Na Mtume (S.A.W.) alipomtuma mtu kukusanya sadaka za kabila la Bani Sulaym, mtu yule akarudi akigawa mali mafungu mawili, hili lenu na hili nimezawadiwa, Mtume alimfanyia hisabu hadharani, kisha akapanda mimbari akauliza kwa nini mtu wa namna hiyo hakukaa nyumbani kwa baba yake au mama yake aone kama zawadi ingemfuata. Imepokewa na Bukhari na Muslim. Tazameni: hesabu ilifanywa mbele ya watu, na aliyehesabiwa ni mtumishi wa dola, si mlipaji.

Basi kidole tukiweke wapi? Nimetafuta tangu siku ile, na nimepata mahali pachache, vyote vimo katika sheria za nchi hii hii. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inaufanya Mkutano Mkuu wa Kijiji, yaani kila mkazi mtu mzima, kuwa ndio wenye kauli kuu katika mambo ya kijiji. Mkutano huo unatakiwa uitishwe kila baada ya miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe. Mwaka 2016 ikapitishwa Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa: mwananchi akiandika kuomba taarifa, ofisi inatakiwa imjibu ndani ya siku 30. Barua ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Na Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali hutoa ripoti zake kila mwaka, nazo hupelekwa Bungeni, na halmashauri zetu zimo humo ndani.

Sasa naomba mnisamehe, wazee wangu, kwa nitakalolisema. Mara ya mwisho mkutano wa kijiji ulipoitishwa ninapoishi, nilihesabu watu, nikaweza kuwamaliza kabla chai yangu haijapoa. Siku ya pili yake kulikuwa na harusi, na viti havikutosha. Wale wa Same 1945 waliacha mashamba yao wiki baada ya wiki. Sisi saa mbili zinatushinda, kisha tunarudi barazani kusema kwamba mtendaji anakula fedha. Huenda anakula. Nani alikuwapo kumwuliza?

Na tusiende peke yetu kama Waislamu. Katika wale wa mbiru walikuwamo Waislamu, Walutheri na Wasabato. Mtume wetu kabla ya utume alihudhuria mapatano ya Hilful Fudhul nyumbani kwa Abdullahi bin Jud'an, watu wa Makka walipoahidiana kumsimamia mgeni kutoka Yemen aliyenyimwa thamani ya bidhaa zake na mmoja wa wakubwa wa mji. Baadaye, akiwa Mtume, alisema kwamba hata sasa akiitwa kwa jambo kama lile angeitika. Kwa hiyo mkiamua kuandika barua juu ya maji ya mfereji, mwiteni na mwinjilisti wa jirani atie sahihi, maana maji yake yanapita mferejini humo humo.

Limebaki moja. Nilipokuwa naiandaa mada hii mke wangu aliniuliza swali lililonifunga mdomo: je, msikiti wenu unasoma mapato na matumizi? Kusema kweli hatujasoma tangu mwaka juzi. Fedha za sanduku la Ijumaa, mabati yaliyochangwa na ndugu zetu walioko Tanga na Dar es Salaam, ada za madrasa ninayofundisha mimi mwenyewe, zote zimeandikwa katika daftari moja linalokaa kabatini. Nimezungumza na katibu na mweka hazina, na wamekubali, Mwenyezi Mungu awalipe. Kuanzia leo baada ya Isha daftari litakuwa juu ya meza ile pale mlangoni, na Ijumaa ijayo baada ya swala litasomwa kwa sauti, ukurasa kwa ukurasa, mama zetu wakisikia. Asiyejua kusoma aje na mjukuu. Ukurasa wa madrasa nitausoma mimi, na maswali yataanza nao.

Wabillahi tawfiq.